Maneno Yaliyobaki Foleni

Siku hizo kila neno la mtu lilitumwa Hifadhini, ghala lililotunza maneno ya watu wote, na lisiloandikwa humo kabla moyo wake haujasimama lilipotea. Mkunde aliketi kando ya mama yake mgonjwa, akikagua kioo kilichoonyesha foleni ya Hifadhi: maneno mia nne yalikuwa bado yanasubiri kuandikwa, na mama alizidi kuongea.

“Mama, nyamaza kidogo, yaliyotangulia yapite.”

“Siku uliyozaliwa, mwanangu, baba yako...”

“Mama, nakusihi!”

Mama akamtazama, akafumba mdomo. Foleni ikapungua polepole: mia mbili, hamsini, sifuri. Mkunde akashusha pumzi.

“Haya, mama, sema sasa.”

Kifua cha mama hakikupanda tena. Mkono wake ulikuwa umelegea kitandani. Mkunde akasoma mstari wa mwisho kiooni, ulioishia kwenye maneno ‘baba yako’, akakaa akiungojea uendelee.