Ukuta wa Kasungami

Mvua ilipokatika, chokaa mpya ya ukuta wa nyumba moja ya mtaa wa Kasungami ilikuwa imelowa, na chini yake yakajitokeza maneno makubwa meusi: NYUMBA HII HAIUZWI. Familia za Lubumbashi huandika hivyo ili ndugu mmoja asiiuze kwa siri.

Falonne alikuwa tayari ameshika kalamu kutia sahihi ya kuinunua. Alikuwa amechoka kuhamahama nyumba za kupanga. Alitaka kuja na avoka, yaani wakili, wake mwenyewe, benki ikakataa: mkopo wao hupitia kwa avoka wanayemkubali wao tu.

"Maître, unaona?"

Avoka wa benki akautazama ukuta, kisha akarudisha macho kwenye karatasi zake.

"Makaratasi iko sawa, mama. Banki ilinituma kusoma makaratasi, haikunituma kusoma ukuta."

"Na benye nyumba bakirudia?"

"Utasamba nabo kwa tribinali, mbele ya jaji. Lakini banki utaendelea kuilipa."

Falonne akamrudishia kalamu. Akashika ncha ya kitenge chake, akaanza kuisugua ile chokaa polepole, kama anayesugua sufuria ya mwisho ya siku, mpaka maneno yasomeke kutoka barabarani.