Ngiri na Zamu ya Kisima

Kiangazi hicho jua lilikaanga hata vivuli. Wanyama wakapangiana zamu za kunywa kwenye daftari moja la kompyuta, kila mmoja akiwa na ukurasa wake na akilifungua kutoka nyumbani kwake. Mmoja akiwa anaandika kwenye ukurasa, wengine hawawezi kuuandika mpaka aufunge.

Ngiri, kichwa kikubwa akili punje, akaufungua ukurasa wake akauacha hivyo makusudi. "Nani ataisogeza zamu yangu sasa? Hata tembo hawezi!"

Akatembea siku mbili hadi kisimani, ulimi mkavu kama kigae. Mlinzi, Kenge, alimwandika Nungunungu kuwa amefika, Nungunungu akanywa. Ikaja zamu ya Ngiri.

"Siwezi kukuandika, bwana mkubwa, na asiyeandikwa hanywi. Ukurasa wako umeshikwa na mtu."

"Mwizi gani huyo?" Ngiri akafoka. "Mtaje nimpasue tumbo!"

"Anaitwa Ngiri. Anautumia kutoka nyumbani kwa Ngiri."

Wanyama wakacheka mpaka milima ikahama. Ngiri akatafuta mate ya kumeza, hakuyapata.

"Tone moja tu, kaka."

"Kamwombe mwenyewe akuachie," Kenge akasema, akamfungulia Digidigi lango.