Viazi vya Katibu

Kijijini kwetu hakuna mwanamke aliyeijua mashine ya taipu kama mimi. Ofisini kwa Katibu wa chama, mimi ndiye niliyekuwa naifuta vumbi.

Mwaka ule wa sabini na nne, kaka yangu Hezekia alikuwa na mwezi wa tatu rumande kwa barua ya taipu iliyoitukana Serikali, yenye jina lake chini. Hezekia huyo huyo, hata kadi ya chama aliitia dole gumba. Shamba lake la bondeni tayari lilikuwa likilimwa na Katibu.

Siku hiyo mpelelezi alipanda kutoka Tanga kulinganisha herufi za barua na za mashine ya ofisi. Katibu alikuwa ameshaitia kwenye tenga langu na kuifunika viazi.

"Kaitupe mtoni. Ukifungua mdomo utamfuata kaka yako."

Nikajitwika, shingo ikazama mabegani. Mlangoni, uso kwa uso na mpelelezi.

"Mashine iko kwa fundi tangu Pasaka, Afande," Katibu alisema nyuma yangu. "Huyu anapeleka viazi tu. Pita, mama, pita!"

Nipite bila salamu? Sikulelewa hivyo.

Kwa kufuta vumbi nilijua kwamba mashine ile ukiilaza kushoto, chuma chake cha juu huteleza chenyewe. Nikapiga goti taratibu, kwa adabu zote, shingo nikailaza kushoto.

"Shikamoo, Afande."

Ndani ya tenga kitu kikakwaruza, krrr, halafu: ting!

Mpelelezi alilitazama tenga. Alimtazama Katibu.

"Viazi vyako vina kengele?"