Nguzo ya Sefina

Wewe ungemwita nani mvivu, mwenye nguzo ndefu kama mkono au mwenye nguzo fupi kama kidole?

Kikundi chetu cha mafuta ya nazi, hapa kisiwani Savai'i, kilitaka kupunguza mashine moja ya kukamulia. Wakanipa mimi kazi ya kuchora lita za mwaka za kila mkamuaji, kila mmoja na nguzo yake, kwa kuwa ndiye ninayepaka rangi vitambaa vya magome ya miti. Kitambaa kilikuwa kifupi, basi nikaanzia lita mia nane badala ya sifuri. Wakamuaji wengine walifika mia tisa. Sefina, mia nane na kumi, nguzo yake ikawa fupi kama kidole.

“Shoga, ulikuwa unakamua au unalala?” mmoja akamtania. Wakacheka, wakanyoosha mikono: mashine yake iondoke.

Nililiona kosa langu palepale, nikafunika kopo la rangi.

Sefina alipiga magoti. Akaanza kuzipima zile lita mia nane chini ya nguzo yake, kuanzia pale kitambaa kilipoishia, shubiri kwa shubiri, akavuka mkeka wa kwanza, wa pili, hadi ukingoni mwa nyumba. Kisha akazitazama kucha zangu, zilizokuwa bado na rangi ya kahawia.

Gari lililobeba mashine yake lilikuwa limeshapinda kona ya kanisa, ndipo nikasema:

“Sefina, hukulala. Mimi ndiye niliyezikata nguzo miguu.”