Kofia ya Kondo

Uvumi ulimkuta Zuhena kisimani, ukamganda kama ruba: wana wa marehemu Shebuge wameapa kwamba jina la Kondo halitaitwa tena mjini, na Kondo wawili wameshazikwa.

"Kondo maana yake vita," alisema Bi Siwema, mama mkwe wake. "Zamani kila nyumba ilikuwa na Kondo wake. Babu wa mtoto huyu alizaliwa siku ya vita, na ndiye aliyemuua Shebuge. Sasa kwa woga wako tumwite nani, Mchicha?"

Jina lilikuwa limeshadariziwa kwenye kofia ya mtoto wa siku saba. Zuhena alikuwa akilifumua kwa sindano mgeni alipopiga hodi, akakaribishwa uji.

"Hongereni. Kidume anaitwaje?"

"Bado hana jina, kaka," alisema Zuhena.

"Hana jina wapi," akadakia Bi Siwema. "Kondo, kama babu yake."

Mgeni aliweka kikombe chini taratibu, akachomoa panga ndani ya kanzu. Bi Siwema akamlalia mjukuu wake. Panga lilimshukia mgongoni mara tatu. Pigo la nne likaondoka na vidole viwili vya Zuhena.

Mgeni alipokimbia akidhani amemaliza, mtoto alitolewa chini ya maiti ya bibi yake, mzima, analia.

Hadi leo Zuhena anaifumua kofia ile kwa mkono wa kushoto. Nyuzi zimegandana kwa damu, hazitoki. Kila mwenye mimba akipita, humwambia:

Usidarizi jina.
Usiliite kisimani.
Usimpe mgeni uji kabla hajataja lake.
Na akiuliza la mwanao, usimwachie mzee ajibu.