Mbeba Hofu wa Haika

Siku hizo, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hakuruhusiwa kusoma bila mtu wa nyumbani wa kumbebea hofu. Haika alibebewa na mumewe, Elinami, fundi cherehani wa Moshi. Walivishwa bangili mbili, na tangu hapo wasiwasi wote wa Haika ukawa unamwingia mume.

Haika akaandika huku akiimba. Msimamizi alipomrudishia kazi imejaa wino mwekundu, Haika alicheka. Elinami ndiye aliyeshonea mkono wa shati kwenye kola.

"Mke wangu, leo umeandika?" aliuliza, jasho likimtoka.

"Nitaandika. Kula kwanza."

Siku ya kutetea tasnifu, Haika aliwajibu maprofesa kama anayepiga soga. Alipotoka, alimkuta Elinami amekaa sakafuni nje ya mlango, ameloa jasho chapachapa.

"Tumefaulu?"

"Tumefaulu!"

Wakakumbatiana, wakazivua bangili papo hapo. Haika akamtazama mumewe, na moyo ukampiga paa.

"Elinami! Umekonda hivi tangu lini?"

"Tangu sura ya kwanza," akajibu, akicheka kwa raha. "Nilidhani umeona."