Siagi ya Mkwe

Shangazi wa binti aliyekuwa akiposwa alikuwa amekwisha kuchota siagi ya ng'ombe kwa vidole viwili, nayo ilikuwa ikiyeyuka na kumtiririkia kiganjani, maana jua la kijijini Ngenge halina huruma.

"Mbona uso mkavu hivyo, mkwe?" aliuliza. "Kwenu ng'ombe wamekwisha? Hapa mposaji hukaribishwa kwa kupakwa. Asiyepakwa hatumjui."

Gamaliel, dresa wa zahanati mjini Bukoba, alivua kofia yake ya jua, ile kama ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu. Tangu kiangazi kianze, kila akija alimhubiria yule binti: kwenye joto usijipake mafuta usoni, yanaziba ngozi, chunusi zinaota. Nawa maji safi, jifute, basi. Binti alitii. Kwa ajili hiyo mashangazi walimwambia anafanana na yatima, na mama yake akasusa kula naye.

Sasa vile vidole vilikuwa mbele ya pua ya dresa. Wazee wa ukoo waliacha kutafuna buni za kahawa wakamtazama.

"Nipake, shangazi," alisema kwa sauti ndogo. "Hata masikioni."

Akapakwa. Siagi ikashuka shingoni, ikaingia kwenye kola aliyoipiga pasi mwenyewe. Wazee wakashangilia.

Pazia likafunguka. Binti alisimama mlangoni, uso mkavu, safi, hauna hata kipele kimoja. Akamtazama mposaji wake aking'aa kama sufuria mpya.

"Shangazi," akasema, "mpake na miguu. Kurudi Bukoba ni mbali."